Mlango Kati ya Chumba cha Mama na Chetu

Gatina, Kawangware,
Nairobi.
Jumapili, 4 Mei 2025

Mpendwa Senge Joan,

Pokea salamu zangu kwanza, shangazi yangu, mengine yatafuata. Hujambo huko Lodwar? Miguu je, bado inavimba ukikaa sana dukani? Na lile joto lenu limepungua hata kidogo, au bado mnalala nje? Sisi huku tumeloa. Mvua imekuja na haina haraka ya kwenda, nami nakaa mlangoni na cherehani yangu nikiisikiliza mpaka macho yanakuwa mazito. Juzi nilishona mkono wa shati la mtu nikaufunga kabisa, sindano inaenda na mimi sipo. Mwenye shati aliingiza mkono ukakwama. Bahati nzuri alicheka.

Sisi ni wazima. Wabwire anapata kazi ya kuweka taili, leo iko, kesho haiko, lakini hatulali njaa. Watoto wako Funyula kwa nyanya yao, wanasoma huko. Mama naye ana nguvu mwilini, anakula vizuri. Kichwa ndicho kinachoondoka, Senge, pole pole, kama mtu anayehama akibeba vyombo vichache vichache. Na hilo ndilo limenikalisha chini na kalamu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu gani, na kuta zetu ni mabati? Nikisema neno hapa, hata mtu wa chumba cha mwisho kule karibu na choo anachangia. Hili ni jambo la kwetu. Nimempa Murunga, yule dereva wa lori la unga, akuletee mkononi. Mpe chai, njia ni ndefu.

Unajua Mama alipotoka nyumbani Sabatia alienda kwanza kwa Elvis, kule Silanga. Elvis ndiye kijana wake na ndivyo inavyotakiwa. Lakini chumba cha Elvis kiko chini, karibu na bwawa. Mvua ikinyesha ukuta unatoa jasho, maji yanapita chini ya mlango, na Mama akaanza kukohoa kifua chote. Kwa hivyo Wangila, yule fundi wa viatu, alipohama chumba kilichopakana na chetu, nikasema Mama aje hapa. Ndugu yangu hakufurahi. Mpaka leo ananiambia, "Sista, watu wa kanisa wananiangalia vibaya. Mamangu analala kwa binti na mimi niko hai?"

Sasa mambo ya mkwe wewe unayajua kuliko mimi. Tangu Wabwire anioe, yeye na Mama hawajawahi kushikana mkono. Hawali pamoja, hawakai pamoja, na kulala nyumba moja hata haitajwi. Mwanzoni Wabwire alisumbuka sana, maana vyumba vyetu ni mstari mmoja na paa ni moja. Rafiki yake Lusweti akamwambia, "Basi wewe, kama ni hivyo, ploti yote ni nyumba moja na sisi wote hapa ni wakwe." Tulicheka mpaka Wabwire mwenyewe akacheka. Tukakubaliana kwamba ukuta ndio nyumba. Kila mtu na mlango wake, basi, kila mtu yuko kwake.

Na huo ukuta, Senge, ndio siku hizi ninaouota. Siku za kwanza Mama aligonga mabati jioni akauliza, "Jirani, mvua imeisha?" Wabwire akanitazama, hajui ajibu au akimbie. Mwishowe akasema, "Bado, Mama. Lakini inapungua." Tangu hapo wamekuwa marafiki. Wabwire akitoka kazini ananawa, anakaa kitandani, anaegemeza mgongo kwenye ukuta, na Mama upande wake anafanya vile vile. Wanazungumza juu ya mahindi, juu ya ng'ombe aliyeuzwa zamani sana, juu ya watu waliokufa kana kwamba wameenda tu sokoni Chavakali na watarudi na ndizi. Mama anamfundisha nyimbo za kanisa. Wabwire unaijua ile sauti yake, uongo mbaya, siwezi kukudanganya, ni ya chura, lakini anaimba.

Mimi hapo nasonga ugali na nasikiliza. Mvua inapiga mabati, mvuke unapanda, sauti zao zinapita juu ya kichwa changu, na kuna wakati sijui kama niko Kawangware au niko jikoni kwa Mama, mdogo, nikingoja kuitwa. Naipenda hiyo saa kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu. Nakuambia wewe kwa sababu nikimwambia mtu wa hapa ataniona nina kasoro.

Lakini Mama hajui kwamba huyo jirani ni mkwe wake. Hapo ndipo penyewe. Amesahau kwamba Baba alikufa, amesahau ni mwaka gani, lakini heshima ya mkwe haijamtoka. Siku moja alikutana na Wabwire uso kwa uso kwenye mfereji, pale tunapochota maji. Senge, alitupa karai, akajifunika leso kichwa chote, akageukia ukuta mpaka Wabwire alipotoroka na ndoo tupu. Jioni hiyo hiyo akagonga mabati: "Jirani, leo nimeaibika. Nimemwona mkwe." Wabwire akampa pole. Alisema pole hiyo na machozi yanamlenga.

Ningeacha mambo hivyo, Senge, kama si ule moshi. Asubuhi moja baridi Mama alijifungia kwa komeo na jiko la makaa likiwa ndani. Nilipiga mlango mpaka mkono ukafura. "Mama, ni mimi, Mideva!" Akanijibu, "Mideva yuko shule. Toka hapa, mwizi wewe." Halafu nikasikia anakohoa tu. Nilipiga mayowe. Ni Wabwire, kwa bahati hakuwa na kazi siku hiyo, aliyeweka mdomo kwenye ukuta akasema, "Mama, ni jirani. Fungua mlango, hewa iingie." Komeo likafunguka. Naye akakimbia kujificha nyuma ya vyoo, asionekane.

Jiko tumeliondoa. Komeo pia tuliondoa, lakini ilikuwa kazi bure. Alikisukuma kitanda mpaka mlangoni, akakesha amekishika akiogopa wezi, na asubuhi alikuwa hawezi hata kusimama. Tukamrudishia komeo lake. Kwa hivyo anajifungia, na siku akianguka huko ndani, nani atamfikia? Mimi nimesema tukate mlango katikati ya vyumba. Mwenye ploti amekubali, bora tukihama tuurudishe ukuta.

Jumapili iliyopita Elvis akaja na mkasi wa mabati, mbao za fremu na bawaba. Unamjua, akishika kazi anaipenda. Akapima, akachora alama kwa msumari. Hapo Wabwire akasema pole pole, "Shemeji, ukifungua hapo, mimi nitakuwa nalala kwa Lusweti. Sina ubaya na mtu. Siwezi tu."

Elvis akasimama. "Basi nampeleka Silanga leo leo. Huwezi niambia mamangu akufe na moshi juu ya heshima."

"Na yale maji ya kwako, kifua chake kitayaweza?" Wabwire akauliza.

"Nitainua sakafu! Mimi ni fundi ama si fundi?"

"Umesema hivyo tangu mwaka jana."

Aki Senge, nilikuwa katikati na mwiko mkononi. Nilitaka kuwapiga nao wote wawili, kisha nilitaka kulia. Wote wanampenda. Ndiyo shida yenyewe, hakuna mbaya wa kulaumu.

Mama akagonga ukuta.

"Jirani, una wageni?"

"Ndiyo, Mama. Ni watu wa kwetu."

"Basi nikuulize kitu, usimwambie mtu. Kuna mwanamke anakuja hapa kwangu. Ananiosha miguu, ananipa uji. Ni mtu mzuri, hana maneno mengi. Lakini simjui, na naona haya kumuuliza jina."

Wabwire alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akageukia mabati. "Huyo ni Mideva, Mama. Ni mtoto wako."

Nikadhani ameshasahau alichouliza.

"Mideva amekuwa mtu mzima?"

"Amekuwa, Mama."

"Na hakuna aliyeniambia?" Tukamsikia analia. "Jirani, akija kesho uniambie ni yeye. Nisije nikampita tena."

Elvis alikaa kitandani akaficha uso. Baadaye alifunga vyombo vyake akaondoka na mvua, bila kukata kitu. Alama ziko pale ukutani. Amesema neno la Senge ndilo atakalofuata, na Wabwire amesema hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo Wabwire anachelewa kwenda kazini kwa makusudi. Nikibeba uji nasimama kwanza mlangoni kwa Mama, na yeye huku chumbani anasema kupitia ukutani, "Mama, huyo ni Mideva." Basi Mama ananitazama. Ananishika shavu, ananiuliza nimekua lini, nani alinisuka. Nakuwa mtoto wake mpaka uji unaisha. Ni muda mfupi, lakini naungoja usiku kucha.

Sasa nishauri, Senge wangu. Wewe ulijenga nyumba yako mwenyewe, ukajua pa kuweka ukuta na pa kuacha wazi. Tukikata huo mlango nitamfikia Mama wakati wowote, lakini jirani atakuwa amekufa, maana hapo kati patabaki mkwe tu, na mkwe atakuwa amelala kwa Lusweti. Tukiuacha ukuta, siku komeo litakapomshinda Mama na Wabwire hayuko, nitakuwa nje nikipiga mayowe. Na Silanga sitaki hata kufikiria, ingawa Elvis ana haki yake. Nasikia wazee wana njia ya kuiondoa hii aibu ya mkwe kwa kupeana zawadi, na kwamba dada ya Baba anaweza kuisimamia. Ni kweli? Hata mkiiondoa, Mama atakumbuka kwamba imeondolewa?

Usinijibu kwa kunifurahisha. Niambie unavyoona, hata kama ni kali, nitafuata. Murunga atapita dukani kwako tena kabla hajarudi, kwa hivyo mpe jibu mkononi. Nimechoka kuamua peke yangu.

Nisalimie mjomba na yule mwanao wa mwisho, na mama jirani yako aliyenipa tende nilipokuja. Elvis na watu wake wa Silanga wanakusalimu, Wabwire anakusalimu kwa heshima zote. Salamu za Mama siwezi kusema amezituma. Jana Wabwire alipata kazi Rongai akaondoka kabla ya mapambazuko, nikaingia kwa Mama peke yangu. Alikunywa uji wote. Alinishukuru vizuri sana, akaniambia nikifika kwetu nimsalimie mama yangu. Nikamwambia nitamsalimia.

Mungu akutunze, akupe miguu mipya na usingizi mzuri.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Mideva