Mke Wangu Aliomba Kilichozidi, Kisha Akanyamaza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama mwanzoni utadhani nakuletea habari za friji, maana ni kweli habari zenyewe zinaanzia kwenye friji lakini usingizi wangu umepotea kwa sababu nyingine kabisa.

Mimi ni seremala, nina karakana yangu, natengeneza vitanda, makabati na milango, na kwa kuwa sauti yangu inasikika hata mashine ya kuranda ikinguruma, wenzangu waliniita Honi na jina likaganda, mpaka watoto wa mtaani wananiamkia kwa hilo. Nyumbani kwetu msemaji ni mimi. Mke wangu ni mtu wa maneno machache, ukimwambia jambo anaitikia kwa kichwa anaendelea na shughuli yake, na miaka yote hii nimejigamba kwa wenzangu kwamba mimi na mama watoto hatujawahi kubishana, na sikuwa nadanganya, sikujua tu sababu yake.

Sasa mama watoto anauza juisi hapo dirishani kwetu, na baada ya kujinyima sana akanunua friji kubwa lenye mlango wa kioo kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Friji halijamaliza hata wiki, napita pale dukani naona lile lile, pacha wake kabisa, limebandikwa bei mpya iliyoshuka mpaka nikahisi nimepigwa kofi. Nilipandwa na hasira nikaingia hivyo hivyo na vumbi la mbao kichwani, nikapiga meza, nikasema huu ni wizi wa mchana, nikasema nitawaanika mji mzima wajue, na meneja, bwana mmoja wa makamo mwenye tai, akaninyooshea kidole bango lililo juu ya kichwa chake, BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, KAULI YA DUKA NI MOJA, wateja wakaangua kicheko, nikatoka nimenywea.

Nyumbani nikatangaza kwamba tumeshaliwa, tusahau. Mke wangu akavaa viatu vyake vya kutokea, akatia risiti kwenye mkoba, akasema, "Ngoja nikawaone." Nikamfuata nyuma ili nimwokoe mambo yakiharibika.

Mshauri, sijui nikueleze vipi nilichokiona mle ndani. Alisubiri zamu yake, akafika mbele, akasema, "Habari za kazi, kaka. Friji la kioo nililinunua hapa kwako wiki iliyopita, risiti yangu hii. Leo mmeshusha bei. Naomba nirudishiwe kilichozidi." Halafu akanyamaza. Hakununa wala hakukunja uso, alisimama tu, mikono ameiweka juu ya mkoba, anamtazama mtu kwa upole kana kwamba ameshaambiwa ndiyo na sasa anangoja aletewe.

Meneja akasema bei hupanda na kushuka, wao hawana la kufanya. "Naelewa," akasema mke wangu, akanyamaza. Meneja akasema akianza na mmoja, kesho watakuja wote. "Naelewa." Kimya. Meneja akamwonyesha bango, naye akaligeukia, akalisoma lote bila haraka, akasema, "Hapa mmeandika bidhaa hairudishwi, kaka. Mimi friji silirudishi, nalipenda sana." Mdomo uliniwasha, nikaufungua nianze yangu, akanikanyaga mguu bila hata kunitazama. Foleni nyuma yetu ikawa ndefu, mke wangu akasogea pembeni, akasema, "Hudumia wenzangu kwanza, mimi nasubiri," akaenda kusimama kando ya majiko ya gesi, na yule bwana akawa anahudumia watu huku jicho liko kwenye majiko, anakosea chenji, anajifuta jasho, mpaka mama mmoja aliyeshika pasi mkononi akamwambia, "Kaka, mjibu basi mwenzio, hata sisi unatutesa!"

Basi meneja akaingia ndani, akapiga simu, akatoka, akamkabidhi mke wangu kilichozidi kwa mikono miwili, na naapa alikuwa anatabasamu, tai ameilegeza, uso umemkunjuka kama mtu aliyetua gunia. Aliyesema asante ni yeye! Mke wangu akamtakia kazi njema, tukatoka. Njia nzima sikutamka neno, mimi Honi. Nilikuwa nyuma yake namtazama huyu mwanamke anakwepa vidimbwi kwa viatu vyake vya kutokea, fahari na woga vimechanganyika kifuani, najiuliza nimekuwa nikiishi na nani.

Ingeishia hapo nisingekuandikia. Jumapili mchana yuko uani anaosha chupa zake, nami nimekaa naendelea kumsifia, akafuta mikono, akanigeukia, akasema, "Baba watoto, namtaka mwanangu arudi nyumbani. Uliyemfukuza ni wewe, naomba ukamwite wewe." Halafu akanyamaza.

Hapo inabidi nikueleze. Binti yetu wa kwanza, yule aliyekuwa akishika suruali yangu sokoni analilia pesheni mpaka watu wanageuka, alipomaliza masomo nilimwombea kazi ya ofisini kwa rafiki yangu wa siku nyingi, kazi safi, kiti cha kuzunguka, akaifanya kidogo akaiacha, akaenda gereji kujifunza kupaka rangi magari. Nikamwambia mezani mbele ya wadogo zake, "Kama ile kazi umeiacha, na nyumba hii iache, kauli yangu ni moja." Akanyanyuka, akafunga begi, akaenda kupanga chumba huko huko nyuma ya gereji. Mama yake siku ile aliondoa vyombo mezani bila neno, nikajua tuko pamoja.

Basi nikamweleza mke wangu habari ya heshima. "Naelewa," akasema. Nikamweleza jinsi rafiki yangu alivyoniona sina shukrani. "Naelewa." Nikasema nikilegea kwa huyu, wadogo zake wote watanipanda kichwani, na hapo mshauri nikajisikia sauti yangu, ni ya yule meneja, neno kwa neno, mpaka nikashika shingo kama vile na mimi nimevaa tai. Nikakimbilia karakana nikaanza kupasua mbao ambazo hakuna mtu aliyeziagiza.

Tangu siku hiyo hajalirudia. Chakula napewa, salamu napewa, hata vichekesho vyangu anavicheka, lakini nikinyanyua uso namkuta ananitazama vile vile. Kila kitu kimekuwa kigeni kwangu. Hata humo kwenye friji kuna chupa moja ya pesheni inayokaa peke yake nyuma kabisa, kila asubuhi anaitoa anawapa watoto, anajaza nyingine mpya, na hamuuzii mtu, juzi nimenyoosha mkono akaniambia, "Acha hiyo, ina mwenyewe," na huyo mteja sijamwona hata siku moja.

Na nikufichulie jambo ambalo hata yeye simwambii. Huwa nazunguka njia ya gereji najifanya natafuta vanishi. Siku moja nilimwona binti yangu amevaa ovaroli na barakoa, anapuliza rangi nyekundu kwenye mlango wa gari, mkono unakwenda na kurudi, hakuna tone lililotiririka, hakuna doa, mpaka mlango ukang'aa nikaiona barabara nzima ndani yake pamoja na mimi mwenyewe nimesimama ng'ambo. Mimi vanishi naijua, mshauri, nimeishika tangu ujana, na sijawahi kuona mkono wa namna ile. Nilisahau kuvuka barabara. Halafu nikarudi zangu.

Namkumbuka. Lakini nilishakata kauli mbele ya watoto. Je, baba akiirudisha kauli yake, si ndiyo mwisho wa kuheshimiwa? Na nikienda, akikataa kurudi, uso wangu nitauweka wapi? Na huyu mama watoto atachoka lini kusubiri? Nisaidie, maana nimeishiwa maneno na sijazoea.

Ni mimi, Honi, seremala.

*

Bwana Honi, pole, na hongera kwa kuoa vizuri kuliko ulivyostahili.

Barua yako niliianza kwa kucheka, nilipofika kwenye majiko ya gesi nikaacha. Kusema unachotaka kwa sentensi moja, halafu ukanyamaza, bila kutukana, bila kulia, bila kujitetea! Mimi ninayelipwa kuwapa watu maneno siwezi. Juzi nilijaribu kwa fundi bomba wangu, hata begi la vyombo hajalitua nikawa nimeshaanza kumwomba msamaha kwa bomba alilotengeneza yeye likavuja. Kwa hiyo mshangao wako tunao sote wawili, na ukimwona mkeo mpe salamu zangu za heshima.

Sasa nikuseme. Wewe ni mtu wa ajabu. Masikio yamejaa vumbi la mbao, mkate wa watoto wako unatoka kwenye randa na msumeno, halafu unamfukuza binti kwa kosa la kupenda kazi ya mikono? Amemrithi nani, jirani? Na hilo la "nikajua tuko pamoja" nimelisoma mara mbili nikitafuta wapi mkeo alisema hivyo, sijapaona. Mwanamke aliondoa vyombo, bwana. Hiyo si "ndiyo", wala si "sawa, mume wangu". Umekaa naye miaka yote hii unajijibia wewe mwenyewe, ukaita amani.

Unaniuliza kama baba akirudisha kauli anaisha. Nani aliyeingia dukani na kupiga meza akitaka mwenye bango aivunje kauli yake? Wewe. Na alipoivunja, ulimdharau? Umeniandikia mwenyewe kwamba alitabasamu, uso umemkunjuka. Bango lake liko pale pale ukutani na duka lake liko wazi, na wateja wake, akiwemo yule mama wa pasi, wamemwona ni mtu anayeweza kusikia. Ulichokitaka kwa meneja ndicho mkeo anachokitaka kwako, ila safari hii anayekaa nyuma ya meza ni wewe.

Kuhusu uso wako, huo uache karakana. Hofu yako ya kukataliwa naielewa na sikucheki, ni hofu ya mtu anayempenda mwanawe. Anaweza kukataa, ana haki hiyo. Anaweza kusema atafikiri. Kama atabaki na chumba chake na kuja nyumbani kula tu, pokea hivyo hivyo na ushukuru.

Nenda Jumamosi wanapokaribia kufunga, na usiniletee habari za vanishi. Msalimie fundi mkuu wake kwanza, kwa sababu ndiye aliyemfundisha mkono ule uliokusahaulisha barabara. Ukimkuta binti ameshika mpira wa kupulizia rangi, usimwite, subiri amalize, wewe mwenyewe unajua mtu akishtuliwa katikati ya kazi hiyo mlango wote unaharibika. Akivua barakoa mwambie, "Nilikosea kukufukuza. Naomba urudi nyumbani." Basi. Usiongeze habari za heshima, usimtaje rafiki yako, usiweke sharti. Mdomo utakuwasha, jikanyage mguu mwenyewe. Akikutolea yote aliyoyaweka moyoni tangu siku ile, jibu lako ni lile ulilolisikia dukani, naelewa, na safari hii uelewe kweli. Halafu, kabla hujaondoka, mwambie ulichokiona kwenye ule mlango mwekundu. Usimpunguzie hata kidogo.

Wadogo zake walikusikia ukimfukuza, basi na hili walisikie, kwenye meza ile ile na kwa sauti ile ile ya honi. Wakikupanda kichwani kwa sababu umesema umekosea, niandikie tena nitakuomba radhi hapa hapa gazetini. Rafiki yako mwenye ofisi atapata mtu mwingine wa kukalia kile kiti cha kuzunguka.

Swali lako la mwisho, kwamba mama watoto atachoka lini kusubiri. Bwana Honi, umekaa na vidokezo vyote mkononi, umevipanga mwenyewe kwenye karatasi, na bado unaniambia huyo mteja wa pesheni hujamwona. Mwanamke anayejaza chupa mpya kila asubuhi hajachoka, na hatachoka kabla yako. Alikwambia ina mwenyewe. Nenda kamlete.