Kinga Uliyoniwekea Mkobani

Baba watoto,

Mimi mzima, kama unajali. Nakuandikia nikiwa kituo cha polisi, hapahapa uwanja wa ndege.

Asubuhi uliponiambia, “Nimekuwekea kinga mkobani,” nilijua ni kondomu, wivu wako uleule wa marubani na hoteli. Kwa hasira sikugusa hata zipu. Aliyeifungua ni mkaguzi, mbele ya rubani na wahudumu wenzangu, akatoa bastola yako!

Nikaapa sikujua. Wakacheka. Nani hajui kilichomo mkobani mwake?

Bosi ameshaitaka sare yake, kwa hiyo niletee gauni. Kusema “bastola” kulikushinda. Leo kukikushinda na kusema “ni yangu,” gauni mpe dereva wa teksi, wewe usije.

Mkeo, mpaka sasa.