Mama Aenda Mkutano wa Hadithi za Nyota

Rubondo, Nakivale
Novemba 4, 2024

Aurore binti yangu,

Kwanza salamu. Kifua chako kimetulia, au baridi ya Mbarara bado inakusumbua? Goti langu ni lile lile, lakini linatembea. Barua hii nampa Gakwaya dereva, kwa sababu kwenye simu kila mara unasema, "Mama, niko kazini," halafu unakata.

Jambo lenyewe ni hili. Unazijua zile riwaya za Kifaransa ambazo jirani yetu Sidonie aliniachia walipopata safari ya Kanada, zile za watu wanaosafiri kwenda kwenye nyota. Nimezisoma zote, nyingine zaidi ya mara moja, na hapa sina hata mtu wa kuongea naye. Nikianza pale sokoni, wateja wangu wa dagaa wanafikiri malaria imenipanda kichwani. Sasa nimesikia redioni kwamba kutakuwa na mkutano wa wasomaji wa hadithi za namna hiyo, Nyamitanga hapo Mbarara, Jumamosi tarehe 16 na Jumapili yake. Hata mtu asiyeandika kitu, msomaji tu, anakaribishwa. Tangu nisikie hivyo sikai fasi moja. Napima dagaa, nasahau nilikuwa nampimia nani.

Nitakuja. Nipokee kituoni, tuingie pamoja.

Mama yako,
Ancilla


Nyamityobora, Mbarara
Novemba 9, 2024

Mama mpendwa,

Nashukuru kwamba goti linakubeba. Kifua changu kimepona. Anayefanya kazi duka la dawa hakosi sirapu.

Mama, huo mkutano ni wa vijana wa chuo. Wanavaa mabawa, wanajipaka rangi ya kijani usoni, wanaongea Kiingereza kitupu. Utakaa pale na kitenge chako, wakucheke, na mimi sitavumilia kuona. Halafu kuna hili. Hapa kazini wananijua kama mtu wa Masha, mwenyeji, si mkimbizi wa Nakivale. Walidhani hivyo wenyewe, nami sikuwasahihisha. Ukija, maswali yatakuwa mengi.

Jumamosi nina zamu. Tafadhali baki. Nitakuja Krismasi.

Mwanao,
Aurore


Rubondo, Nakivale
Novemba 18, 2024

Mwanangu,

Uko salama? Unakula vizuri? Mimi ni mzima.

Nilikwenda. Getini kijana mmoja alitazama kitenge, akatazama kikapu, akasema, "Nyabo, wewe enda nyuma, jikoni iko kule." Nikafungua mdomo kumwambia mimi ni msomaji. Badala yake nikainua kikapu changu. Nikaenda nyuma. Wakanipa kisu, nikamenya matoke kwa hasira mpaka mwanamke mmoja akaniambia, "Mama, pole pole, utatubakizia maganda tu."

Hapo ndipo nilipokuona. Ulivaa blauzi ya njano, uko na wenzako, mmekuja kutazama mavazi, nawe uliniandikia una zamu. Nikainua mkono, kisu kikiwa humo humo. Uliniona, Aurore. Mwenzako mmoja akakuuliza kitu huku ananitazama. Sikungoja kuona midomo yako inajibu nini. Nikarudi kwenye matoke.

Sijui ningekaa pale mpaka lini. Lakini ng'ambo ya ukuta nikasikia Kifaransa. Watu walikuwa wanabishana juu ya wale wanaozaliwa ndani ya chombo cha kwenda kwenye nyota, safarini, ambao hawakuona walikotoka wala hawataishi mpaka wafike waendako. Je, hao wana kwao? Mtu mmoja akasema hawana. Nikaweka kisu chini. Niliingia mikono ikinata utomvu, nikasema hata kabla ya kukaa, "Wanako! Muulizeni mtoto wa humo chomboni, atawaonyesha kitanda chake."

Usifikiri walinipigia makofi. Kifaransa changu kilijikwaa, na kijana Mkongomani anayeitwa Kabanda akaruka: "Mama, kitanda si kwao!" Nami nikamrukia. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kubishiwa, mwanangu! Tangu baba yako Nicodème afariki watu wananihurumia tu, hakuna anayenibishia.

Waliniomba nirudi Jumapili. Nilitaka sana. Lakini sikuweza kupita tena pale getini, nikapanda gari jioni ile ile.

Sina hasira. Andika tu.

Mama yako


Rubondo
Desemba 3, 2024

Aurore,

Gakwaya amekuja na kurudi, mikono mitupu. Simu yako inaita, haipokewi. Unaumwa? Jana nilifunga kibanda mapema, nikasimama barabarani nikichungulia kila gari, nikakaa, nikasimama tena. Hata mstari mmoja, andika.

Mama


Nyamityobora
Desemba 8, 2024

Mama yangu,

Nisamehe kuanza bila kuuliza goti.

Jumapili ile asubuhi nilikwenda kukutafuta, sikujua umeshaondoka. Bella, mwenzangu wa kazini, alinifuata. Nikamwuliza kijana wa getini kama amemwona mama mwenye kitenge. Akasema, "Ule wa jikoni?"

Nikasema, "Hapana, msomaji. Ni mama yangu. Ametoka Nakivale."

Bella akanigeukia. Mpaka leo hatujaongea vizuri. Nilingoja aseme neno zuri nikuandikie nalo, ndiyo maana nilinyamaza. Nimechoka kungoja.

Niliingia, Mama. Kwenye meza ya Kifaransa Kabanda alikuwa amekuwekea kiti. Nikawaambia mimi ni bintiyo, nikakaa cha pembeni, chako nikakiacha. Kila mlango ulipofunguka, wote waligeuka. Mwishowe Kabanda akaniambia, "Basi tusaidie wewe. Mama yako angesema nini?"

Miaka yote hii umekuwa unasoma mbele yangu, sijawahi kukuuliza unasoma nini.

Jumamosi nakuja na Gakwaya. Usipike. Tafuta kitabu kimoja, chochote unachotaka, unisomee kuanzia ukurasa wa kwanza. Na mimi nitakubishia.

Mwanao