Mkwe Aliyefutika Pichani

Nyamiaga, Ngara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani na goti limekupa likizo kidogo. Mama hajambo, presha yake imetulia? Na ile michungwa ya nyuma ya nyumba, imeanza kuzaa au bado inatudanganya kwa maua? Mimi ni mzima wa afya. Baridi ya Ngara nimeizoea, sasa naoga asubuhi bila kupiga kelele, na Kihangaza changu kimefika mahali ambapo wanafunzi wangu wa darasa la tatu wananicheka kwa adabu.

Baba, nina habari, na furaha inanifanya nisijue nianzie wapi. Lenzi yako imefufuka! Ile uliyonipa siku naondoka Muheza kuja kuanza ualimu, ukaniambia ukungu umeiua, imekufa kama studio yenyewe ilivyokufa, nikawaonyeshe watoto kwenye somo la sayansi. Nimeifungua, nimeisafisha, na inapiga picha. Ningekupigia simu, lakini nakujua: ungesema "haya, haya" mara mbili kisha ungempa mama.

Yalianzia Biharamulo. Nilikwenda huko kwenye semina ya walimu, nikaingia duka la vitenge la bwana mmoja ambaye babu yake alihamia kutoka pwani. Aliposikia lafudhi yangu tu akaniuliza mimi wa wapi. Tulipiga soga mpaka nikamtajia kwamba baba yangu alikuwa mpiga picha, naye akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na lenzi ya marehemu mjomba wake, mafuta yamegandia humo. Akanipa bure. Nikaja nayo, nikaifungua kwa pupa juu ya kitanda, springi moja ikaruka na haijaonekana hadi leo. Hiyo niliiua mimi, sikatai. Lakini wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tangu siku hiyo silegezi kitu chochote kabla sijakiwekea alama ya penseli na kukipiga picha kwa simu, hatua kwa hatua.

Ndipo nikaigeukia ya kwako. Mwalimu mwenzangu aliyehama aliniuzia kamera yake iliyotumika, na pete ya kuungia lenzi za zamani nikaiagiza Mwanza. Sikuwa na chombo cha kufungulia, nikatumia bikari ya kufundishia hesabu: miguu yake miwili inaingia sawia kwenye vile vijitundu viwili vya ile pete ya ndani inayoshikilia vioo. Ukungu ulikuwa umetambaa kwenye kioo kama mizizi ya nyasi. Nilisugua kwa pamba na spiriti Jumamosi nzima, nikarudisha kila kitu kama nilivyokikuta, nikatoka nje nikampiga picha kuku wa Mama Pelajia, mwenye nyumba wangu. Baba, unaweza kuhesabu manyoya ya shingoni! Na huko pembeni, migomba yote ilikuwa imezunguka na kuyeyuka kama uji unaokorogwa. Nikajua huo ndio uzuri wa lenzi za kale, watu wa mitandaoni wanautafuta kwa udi na uvumba. Nilitembea na kamera shingoni wiki nzima, nikipiga kila kilichosimama.

Kiburi changu kiliishia kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu wa Mama Pelajia. Ukoo ulikusanyika, mkwe wake akaja kutoka Keza na mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki. Tulipowapanga kwa picha, yule mkwe akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari, kwa kuwa katika familia hii mkwe hamsogelei mama mkwe wake ovyo. Nikapiga, nikaisafisha picha mjini, nikampelekea Mama Pelajia kwa mbwembwe. Akaipitia kwa kidole, mtu mmoja mmoja, mpaka alipofika mwisho.

"Mwarimu," akasema, "mkwe wangu umempereka wapi?"

Nikamweleza kuhusu uzuri wa lenzi za kale. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yule kijana kasafiri kutoka Keza, kaleta ndizi, kasimama mbali kwa heshima, na heshima hiyohiyo ndiyo imemnyima uso. Nikarudi chumbani nikaifungua lenzi upya.

Safari hii sikutazama uchafu, nilitazama umbo. Nikaviweka vioo kwenye mwanga kimoja kimoja, kama ninavyowafundisha watoto mbinuko na mbonyeo, nikaona kioo kimoja cha ndani kimekaa kinyume, tumbo lake limeelekea kusikostahili. Nikakigeuza, nikafunga, nikapiga picha ya ua wa nyumba: pembe hadi pembe, safi. Nilirukaruka peke yangu kama mwehu. Kisha nikajiuliza nilikiweka kinyume lini. Nikafungua simu, nikatazama zile picha za hatua kwa hatua. Kioo kilikuwa kimegeuka kabla sijakigusa. Na wewe, baba, hujawahi kuifungua lenzi maishani mwako, ulikuwa ukisema mwenye kuifungua ni aliyeitengeneza.

Pete ile ina mikwaruzo miwili mikongwe kando ya vijitundu. Nikaweka bikari juu yake. Miguu ilikaa palepale.

Ni mimi, baba. Nilikuwa darasa la nne. Ulikwenda sala ya Ijumaa ukaacha kamera kwenye meza ya studio, nami nilitaka kujua picha inaingilia wapi, nikaifungua lenzi kwa bikari yangu ya shule. Kioo kiliniangukia kiganjani, nikasikia watu wanatoka msikitini, nikakirudisha mbiombio na kufunga. Kamera ilionekana kama haijaguswa, nami nikasahau. Wallahi nilisahau.

Picha za pasipoti ziliendelea kutoka vizuri, maana uso hukaa katikati, ndiyo sababu hukuishuku lenzi. Lakini za makundi zilianza kulalamikiwa. Nakumbuka ile ya harusi ya jirani, mashangazi wa pembeni hawakutambulikana, na mtaa mzima ukasema Mzee Bakari macho yamekwisha. Nawe ukaamini. Ulifunga studio kabla hata simu hazijaja kumnyang'anya mtu kazi, na mpaka leo gazeti unampa mdogo wangu Hamisi akusomee. Macho yako hayakuwa na kosa, baba. Nimelia sana, na bado nina furaha kiasi kwamba nashindwa kukaa kitako. Vyote viwili ni kweli.

Jumapili iliyopita Mama Pelajia aliwaita tena wote. Mkwe akatoka Keza mara ya pili, akaenda kusimama kulekule mwisho wa mstari. Picha nimeiweka humu. Mtazame: mpaka kifungo kilichokatika kwenye shati lake kinaonekana. Hiyo ni lenzi yako. Desemba nitakuja nayo likizo, na nakuomba uipige wewe picha ya nyumba nzima, na mimi unisimamishe pembeni kabisa. Kuhusu kosa langu, nakuomba radhi, na sina utetezi.

Msalimie mama, mwambie kahawa ya Ngara anayoitaka nitakuja nayo. Shikamoo yangu imfikie shangazi Mwanaidi aliyenilea, na fundi cherehani jirani yetu. Hamisi mwambie nampenda hata kama hajibu ujumbe. Nimemwagiza akukabidhi bahasha hii ikiwa imefungwa na aondoke zake. Mwandiko wangu ni uleule wa siku zote, sikukuza hata herufi moja. Kama umefika hapa bila kumwita mtu, baba, basi jibu kuhusu macho yako unalo.

Mwanao,
Saumu