Dole Gumba la Agosti

Jumatatu, 3 Machi

Kuku wamelishwa. Chai ya rangi, maziwa hakuna. Nimesahihisha matangazo ya kanisa kwa wino mwekundu: makosa kumi na moja. Nitampelekea katibu, naye atanuna kama kawaida yake.

Mzee Mwambingu amekuja tena langoni na karatasi yake kwenye bahasha ya kaki. Kipande chake cha shamba kule Kishushe kimechukuliwa na watu wa madini. Alipiga dole bila kusomewa. Sasa ndiyo anataka nimsomee! Sikumfungulia. Mtu mzima na akili zake anapiga dole kwenye asichokijua, kisha anazunguka akitafuta huruma. Nilimwambia nina kazi. Sikuwa na kazi.

Jumatano, 5 Machi

Vijana wawili wamepima shamba langu kwa utepe. Hili hili la Mwatate, ekari tatu, nyumba yangu, kaburi la marehemu mume wangu. Mmoja akasema, "Shosh, usijali, mwenyewe ametutuma." Shosh! Mimi si bibi yao. Mwenyewe ni mimi.

Mwenyewe wao ni mfanyabiashara. Ameuziwa na Mwakio, mwanangu wa pekee, mwenye duka la simu Voi na tai tatu. Eti nilimpa hati ya uwakilishi, auze kwa niaba yangu. Sijawahi kumpa hata jembe.

Alhamisi, 6 Machi

Voi. Bi. Mkamburi, wakili wa msaada wa kisheria. Nilimfundisha darasa la tatu, na bado ana mwandiko mzuri. Amepata nakala ya ile hati. Nilicheka mpaka karani akachungulia. Mahali pa sahihi kuna dole gumba! Mimi, miaka thelathini na minne ubaoni, nipige dole! Hata kughushi hajui. Alidhani wazee wote ni mbumbumbu.

Bi. Mkamburi ameweka zuio kwenye ofisi ya ardhi. Jina halihamishwi mpaka nisikilizwe. Tena shamba haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na bodi inakaa tarehe ishirini. Nimeagiza kiapo kiandikwe: dole si langu. Nimelitangaza mpaka sokoni.

Jumamosi, 8 Machi

Mwakio amekuja na mkate na kilo mbili za sukari. Anadhani bei yangu ni hiyo. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha: "Mama, siku hizi unasahau sahau. Ulikubali mwenyewe."

Nikamwambia nimeandika shajara kila siku tangu kabla hajazaliwa, kwa hiyo anayesahau si mimi. Akautazama mkono wangu wa kulia. Sijui alitafuta nini hapo.

Mkate nimewapa kuku.

Jumatano, 12 Machi

Bi. Mkamburi amepiga simu. Hati ina tarehe 19 Agosti mwaka jana. Siku hiyo nilikuwa wapi? Nikateremsha shajara ya mwaka jana kwa mbwembwe, nimwaibishe huyo mtoto.

Agosti haina kitu. Kurasa tupu mpaka katikati ya Septemba.

Ndipo nikakumbuka: nilianguka bafuni. Mkono wa kulia kwenye plasta, wiki sita. Mwakio alikuja wodini na karatasi "za bima ya hospitali" na kidau cha wino. Alinishika dole la kushoto mwenyewe, akalikandamiza, kisha akalifuta kwa pamba, taratibu. Nilimshukuru.

Miwani ilikuwa pale pale juu ya kabati. Sikusoma kwa sababu alikuwa mwanangu.

Mjinga ni mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewaza kushikilia uongo. Dole si langu, basi. Nani atabisha?

Bi. Mkamburi amenisikiliza mpaka mwisho. Anasema kiapo cha uongo kitanizamisha mimi na kumwokoa Mwakio. Ukweli ndio wenye nguvu. Anayepiga dole lazima asomewe hati na aelezwe mpaka aelewe. Mimi sikusomewa, nilidanganywa, na hati ya namna hiyo inabatilishwa. Lakini lazima niyaseme kwa mdomo wangu, mbele ya bodi.

"Mwalimu, kudanganywa si kosa," akasema. Rahisi kwake. Nusu ya Mwatate nimewafundisha mimi: soma kwanza, ndipo utie sahihi. Naona haya.

Alhamisi, 20 Machi

Ukumbi ulijaa. Wajumbe watatu wa bodi niliwachapa kwa kuchelewa shule. Mwakio alivaa tai. Mnunuzi alikaa kando yake akitazama saa.

Mwenyekiti akainua hati. "Mama Mwakio, hili dole ni lako?"

"Ni langu."

Watu wakaguna. Wanakumbuka nilivyotamba sokoni. Nikasimulia plasta, bima, pamba. Sauti ilikatika kwenye pamba. Nimechukia hilo kuliko yote. Mwenyekiti akamuuliza Mwakio kama alinisomea. Mwakio akatazama viatu vyake. Vizuri, vimepigwa rangi.

Idhini imekataliwa. Pale pale nikatia sahihi ya kumfuta Mwakio kuwa mwakilishi wangu. Jina langu lote, herufi zikakaa kwenye mstari. Nje mnunuzi alikuwa amemkaba Mwakio kwa tai yake. Nikapita.

Kisha kituo cha polisi. Bi. Mkamburi aliniambia hilo si lazima leo. Nimeandika taarifa yangu mwenyewe, kurasa nne. Afisa aliniuliza uhusiano wangu na mshukiwa. Nikaandika: mama yake mzazi.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani sikwenda. Kuku wamelishwa.

Nimekwenda kwa Mzee Mwambingu. Nilibeba miwani. Nimemsomea karatasi yake yote, neno kwa neno, mara mbili. Akasema hayo hakuyasikia hata siku moja. Nimeyaandika, na tarehe. Kesho tunakwenda wote kwa Bi. Mkamburi.

Akaniuliza ni kweli nami nilishikwa dole. Nikasema kweli. Akauliza na nani. Nikamwambia.

"Mimi alinishika mjukuu wangu," akasema.

Nilikuwa nimesimama muda wote huo. Akanivutia kiti.