Soko la Viazi Halikuzimwa

Jumamosi, Rongai. Mvua tangu asubuhi, na baridi ya kuingia kwa mifupa.

Nina miaka themanini na moja. Nimezika mzungu mwenye shamba, nikazika manyapara wake wote, nikaona injini yao ya dizeli ikiuzwa vyuma kuukuu, nikazika na mke wangu. Huyo wa mwisho nilitaka anizike yeye.

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nachapa na kidole kimoja. Njeri, binti yangu, alinifungulia ukurasa huu alipochoka kunisikiliza. Sasa chokeni nyinyi.

Leo Njeri alikuwa na shida. Yeye ndiye anaangalia soko la viazi la mtandaoni, la kikundi cha wakulima wa Mau Narok. Wanunuzi wanaingia na simu, wanashindania magunia, na saa sita mchana soko linajifunga lenyewe. Sasa mvua ikakata barabara, malori yakakwama, wanunuzi wakasitasita, na magunia mengi yakawa bado hayana mtu. Viazi vilikuwa vimeshachimbwa. Vikilala tena kwa hayo maji, vinaoza.

Ilibidi saa ya kufunga isogezwe mpaka jioni. Lakini seva, ile kompyuta inayobeba soko lote, ukiizima na kuiwasha upya ili ishike saa mpya, unatupa nje wote waliokuwa ndani. Na kwa mtandao wa Mau siku ya mvua, ukitoka hurudi.

"Usizime," nikamwambia.

"Baba, nani amesema nazima?"

"Nasema tu. Mimi sikuwahi kuzima."

Na ni kweli. Kule Mau Narok, kwa mashine ya kusafisha ngano, injini asubuhi ilikuwa baridi kama jiwe la mto. Kuiwasha ni wanaume wanne na mkono wa chuma wa kuizungusha, na matambara ya mafuta taa yakiwaka chini yake. Ikizimika, siku imeharibika. Kwa hivyo ngano ikija na unyevu, nilikuwa naongeza upepo na kuinamisha chekeche mashine ikinguruma, spana mkononi, mkanda wa injini ukipita karibu na sikio. Hakuna mwingine aliyethubutu.

Hakuna.

Mama Njeri ndiye alisimama kwa kile kichuma cha kukata mafuta ili injini izime. Hakuwa anaangalia mashine. Aliangalia uso wangu. Nikikunja uso, anakata.

Alikata mara moja tu, mkanda uliposhika mkono wa koti langu. Koti lilienda. Mkono ndio huu unachapa.

Nikamuuliza Njeri atafanyaje. Akasema seva yake imefundishwa kusoma mipangilio upya ikiwa kazini. Yeye anabadilisha saa, anahifadhi, basi. Lakini akikosea hata alama moja, soko linaweza kuanguka na watu wote ndani. Akanipa simu yake, ofa za wanunuzi zikiingia moja moja.

"Zikisimama, niambie haraka, nirudishe mipangilio ya zamani."

Nimefanya kazi ngumu maishani, lakini hii ya kukaa kando sikuwa naijua. Mikono haina spana. Mtu wako ameingiza vidole pale kwenye hatari, na wewe ni macho tu. Nilikuwa nadhani kazi ngumu ilikuwa yangu peke yangu. Kumbe nusu ilikuwa ya Mama Njeri.

Nusu. Si zaidi.

"Baba! Angalia simu! Mbona unaniangalia mimi?"

Alikuwa anauma mdomo wa chini, vile mama yake alikuwa anafanya.

"Haya, nimehifadhi."

Nikarudisha macho kwa simu. Halafu ofa ikaingia. Ikaingia ingine. Saa sita ikapita, soko likabaki wazi, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyejua kuna kitu kimeguswa. Kufika jioni, kila gunia lilikuwa na mwenyewe.

Anayesema ninaongeza chumvi, amuulize Kiplagat wa Mau Narok, ndiye alikuwa akimwaga ngano juu ya mashine. Masikio yake yamekufa, kwa hivyo pigeni kelele. Ya leo, muulizeni Njeri. Lakini uso wangu ulikuwaje siku ile ya koti, hapo hakuna tena wa kuulizwa.