Muhuri wa Zuwena

Jumatano, Maskati. Joto limepungua kidogo. Pumzi yangu bado fupi.

Nna jambo sikumkiria mke wangu mpaka nikamzika, na nimemficha binti yetu mpaka leo. Madaktari hawanipi muda mrefu, basi naliandika.

Binti yetu Rahma anasomesha chuoni Al Khoudh. Wiki iliyopita kaikuta kabatini picha ya Kijapani ya kutundika, ndefu, imekunjwa, ya wino mweusi mtupu: milima, ukungu, na kijumba kimoja. Anaitaka kwa maonyesho yao. Kesho anakuja kuichukua, na lazima aandike jina la mchoraji. Aliponiuliza nani kachora, nikamwambia Mjapani mmoja, simjui.

Kachora mama yake.

Tuliishi Japani miaka mitatu kwa ajili ya kazi yangu. Jirani yetu, bibi mzee, alikuwa akifundisha uchoraji huo. Kwake, mwanafunzi hajitilii jina kwenye picha. Mwalimu akiridhika naye humchongea muhuri wa jina lake, na hiyo ndiyo ruhusa. Mke wangu Zuwena alichongewa. Aliugonga kwa rangi nyekundu kwenye pembe ya chini ya picha hii, kisha akalia.

Tuliporudi kwetu Matrah, hapa Maskati, tukaitundika majlisi, chumba cha wageni. Rafiki yangu mmoja akaitazama, akasema, "Bwana, mkeo akichora milima, wali anapika nani?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Wiki ile ile, Zuwena yuko kwa dada yake, nikaikata ile pembe kwa wembe. Aliporudi nikamwambia wadudu wameila.

Akapitisha kidole pale palipokatwa, polepole.

"Wadudu wa Maskati," akasema, "wanakula kwa rula?"

Akaikunja, akaifunga kwa utepe wake, akaiweka kabatini. Brashi hakuishika tena. Miaka thelathini tumekula sahani moja, na swali lake sikulijibu.

Asubuhi niliandika hapa kwamba nilifanya vile kwa sababu ya maneno ya majlisi, kwamba niliona haya mbele ya wanaume wenzangu. Nimeyasoma, nikayafuta.

Kesho nitamwambia Rahma aandike jina la mama yake. Ataniuliza kwa nini niliukata muhuri.

Mimi pia nilikuwa mwanafunzi wa yule bibi. Miaka mitatu, kila Jumamosi, mkeka mmoja na Zuwena.

Mimi hakunichongea.